Kauboi Aliyebadili Bastola kwa Kamba

Hadithi ya kauboi hudai ardhi tupu, ili mtu mmoja juu ya farasi aonekane akija kutoka mbali. Hugh O'Brian aliishi ndani ya dai hilo kuanzia 1955 hadi 1961, akiigiza mlinda sheria Wyatt Earp kwenye runinga ya ABC. Kabla ya uigizaji alikuwa mkufunzi wa gwaride jeshini, na mgongo wake ulionyooka ndio ulioibeba kazi yake: husogei, husemi, halafu bastola inalia na mambo yamekwisha.

Baadaye alikuja Kenya kuigiza katika Africa Texas Style, filamu ya Andrew Marton iliyotoka 1967. Humo yeye ni Jim Sinclair, kauboi aliyeitwa na Howard Hayes (John Mills) kukamata wanyamapori wakiwa hai ili wafugwe. Bastola inaipisha kamba, na kwangu badiliko hili lina uzito kuliko kisa chenyewe. Risasi unaweza kuipiga picha vipande viwili: mfyatuaji huku, anayeanguka kule. Kamba haikubali ujanja huo. Farasi, mkono, kitanzi na mnyama sharti waonekane pamoja, na mnyama ndiye anayeamua tukio litachukua muda gani. Ule mgongo unalazimika kuinama.

Ila ugomvi wa filamu umebaki wa zamani: Hayes na jirani yake mwenye ng'ombe, Karl Bekker, wanavutana, na Waafrika wanabaki pembeni.

Itazame filamu hii ukiwa Kipsing, huku Isiolo. Kiangazi laga, yaani mto wa msimu, ikikauka, wafugaji huchimba visima mchangani. Mmoja yuko chini kisimani, ndoo inapanda mkono kwa mkono, mwingine anamimina kwenye birika, na ng'ombe wa watu wengine wanazuiwa nyuma kwa fimbo hadi zamu yao ifike. Mifugo, uhaba wa maji, wizi wa ng'ombe, vijana wenye bunduki: kila kinacholisha hadithi za kauboi kipo. Kisichokuwepo ni nafasi ya mgeni mmoja kuja kuamua. Ugomvi wa kisima huishia kwa wazee, kwa maneno marefu, na kamera ingelazimika kukaa na nyuso nyingi kwa wakati mmoja. Nasikitika kwamba Marton, aliyeiacha kamba imfundishe subira, hakuwapa watu subira hiyo hiyo.

Filamu ilizaa kipindi cha runinga, Cowboy in Africa, cha 1967 hadi 1968. O'Brian hakuendelea, nafasi ya Sinclair ilichukuliwa na Chuck Connors, nyota wa The Rifleman, na sehemu kubwa ikapigwa California. Dai la ardhi tupu likakaribia kutimizwa: Kenya yenyewe ikaondolewa karibu yote kwenye picha.