Lehemu ya Chakula na Ugonjwa wa Ini Lenye Mafuta: Uhakiki wa Istilahi na Hoja

Maelezo mengi ya afya kwa Kiswahili huweka lehemu na mafuta katika kapu moja. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa ini lake lina mafuta hushauriwa kwanza aache mayai, kana kwamba kilichomo katika kiini cha yai ndicho kilichohamia inini. Uhakiki huu unadai kwamba hoja hiyo ina kasoro mbili: ya istilahi na ya ushahidi.

Kuhusu istilahi, lehemu katika lugha ya mafundi ni metali inayoyeyushwa ili kuunga vyuma. Neno hilo likihamishiwa tibani huibua taswira ya kitu kinachoganda na kung'ang'ania. Taswira hiyo inasaidia kueleza mishipa ya damu iliyoziba, lakini inapotosha inapoelezea ini. Mafuta yanayojaa katika seli za ini ni trigliseridi hasa. Lehemu ni kitu kingine, na ini lenyewe huitengeneza.

Kuhusu ushahidi, hofu ya lehemu ilipata nguvu kutokana na majaribio ya Nikolai Anitschkow nchini Urusi mwaka 1913. Sungura waliolishwa lehemu waliharibika mishipa. Hata hivyo, sungura ni mla majani, na hoja iliyojengwa juu ya majaribio hayo ilihusu mishipa. Utafiti wa Donnelly na wenzake (2005) ulichunguza mafuta ya ini moja kwa moja: takribani asilimia 59 yalitokana na asidi za mafuta zilizokuwa zikizunguka katika damu, asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, na asilimia 15 tu yalitoka kwenye mlo. Wagonjwa walikuwa 9, hivyo takwimu hizo zichukuliwe kwa tahadhari. Lakini mwelekeo wake unaielekeza lawama kwenye unene, usugu wa mwili dhidi ya insulini na sukari ya ziada.

Haifuati kwamba lehemu haina hatia. Panya waliolishwa mafuta pamoja na lehemu hupata uvimbe wa ini kuliko waliolishwa mafuta peke yake. Aidha, wagonjwa wa ini lenye mafuta hufa zaidi kwa maradhi ya moyo, na vyakula vingi vyenye lehemu huambatana na mafuta yaliyoshiba. Kinachokosolewa hapa, basi, ni mpangilio wa vipaumbele.

Athari ya mpangilio huo ni ya kweli. Mgonjwa anayeacha mayai huku akiendelea na soda na chai ya sukari nyingi amepoteza protini ya bei nafuu, na ini lake halijapata nafuu. Mwaka 2023 wataalamu waliupa ugonjwa huu jina jipya linaloutaja umetaboli. Kiswahili nacho kinahitaji kutenganisha lehemu na trigliseridi katika maandishi ya umma, kwani istilahi isiyotofautisha vitu viwili huzaa ushauri usiotofautisha hatari mbili.