Na Mama Yake Je?

Mwaka 1998, jioni ya Jumamosi moja, nyumbani kwa shangazi yetu Ngamiani, Tanga, niliiona filamu ya Titanic kwa mara ya kwanza. Kanda yenyewe ilikuwa imenakiliwa mara nyingi mno, hata bahari ikawa ya kijani na nyuso za watu zikawa kama zimepakwa unga. Sebule ilijaa. Mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu, nilipewa kazi ya ukalimani: kila walipozungumza yule binti Rose na yule kijana Jack, niliwafasiria akina mama kwa Kiswahili, na palipokuwa na la aibu nilikohoa.

Filamu ilipokwisha dada zangu walikuwa wakifuta machozi kwa ncha za khanga. Mama alikuwa mkekani, ameegemea ukuta, macho makavu. Akauliza, "Na mama yake je?"

"Mama yake nani?"

"Huyo binti. Mama yake alikuja kuambiwa lini kwamba mwanawe hakufa?"

Nilimjibu kwa ule ubishi wetu tuliokwenda shule. Nilimwambia kwamba hadithi si ya mama, hadithi ni ya mapenzi na uhuru wa mtu, na kwamba mtunzi halazimiki kusema kila kitu. Dada zangu wakacheka kidogo. Mama akanyamaza, akaanza kukunja mkeka. Nami nilijua vizuri kwamba wakati ule mdogo wangu, aliyekuwa ameajiriwa katika meli za watalii huko ng'ambo, alikuwa ametimiza mwaka wa nne bila kutuandikia hata mstari mmoja.

Kwa msomaji aliyeisahau filamu yenyewe, nitaikumbusha kwa ufupi. James Cameron aliitoa mwaka 1997, nayo ikapata tuzo 11 za Oscar. Ajuza aliyefikia miaka mia anasimulia jinsi alivyopanda meli ya Titanic mwaka 1912, akiwa msichana wa miaka 17, pamoja na mama yake Ruth na mchumba tajiri aitwaye Cal, ambaye hampendi. Melini anampenda Jack, mchoraji fukara wa daraja la tatu. Meli inazama, Jack anakufa kwa baridi, na Rose anaokolewa na meli ya Carpathia. Huko anajifunika blanketi asionwe na Cal anayemtafuta, na anapoulizwa jina anatoa jina la ukoo wa Jack. Tangu hapo, kwa Cal na kwa mama yake mzazi, Rose ni mmoja wa maiti waliobaki baharini.

Hapo ndipo filamu inapotaka tushangilie, nasi tulishangilia. Tangu siku ile nimeitazama mara nyingi, pengine kuliko inavyostahili, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuona kwamba swali la Mama halikutoka nje ya filamu. Limo ndani mwake, ila mtengenezaji ameliruka.

Tazama jinsi safari inavyoanza. Jack na rafiki yake Fabrizio wameshinda tikiti katika mchezo wa karata. Wanakimbia, wanaingia melini dakika ya mwisho, wanapanda juu na kuwapungia mikono kwa furaha watu walioko gatini. Fabrizio anamuuliza mwenzake kama kuna mtu anayemfahamu pale chini. Hakuna. Wanawaaga watu wasiowajua, tena kwa makelele, na sisi watazamaji tunachekeshwa. Jack mwenyewe hana wazazi wala ndugu wa karibu. Mtunzi amemwondolea mapema kila mtu ambaye angeweza kumngojea barua, ili awe mwepesi kama unyoya. Ni ufundi mzuri wa kuanzisha hadithi, lakini ni njia rahisi pia. Mtu asiye na kwao hana wa kumwandikia.

Kisha tazama mwisho. Rose mkongwe anaona kwenye televisheni mchoro wake mwenyewe, ule ambao Jack alimchora, umetolewa ndani ya mabaki ya meli. Anafanya nini? Anapiga simu. Anaipigia meli ya watafiti iliyo katikati ya bahari, simu ya setilaiti, azungumze na watu asiowajua juu ya kidani kilichopotea. Niliporudia kuona sehemu hiyo nilisimamisha kanda. Mwanamke huyu alikuwa na miaka 84 ya barua, ya simu za waya, ya kadi za posta za senti chache, na mara ya kwanza tunayomwona akitafuta njia ya kuunganisha nchi kavu na bahari, anawatafuta wawinda hazina.

Tena hasahau kutuambia yaliyompata Cal. Anasimulia kwamba Cal alioa, akarithi mamilioni, kisha mwaka 1929, fedha zilipoanguka Marekani, akajiua kwa bastola. Kwa hiyo alikuwa akifuatilia habari za nyumbani, alisoma magazeti. Juu ya Ruth hasemi lolote, si alikufa wapi, si alimzika nani katika kaburi tupu. Na huyu Ruth, mapema katika filamu, akifunga kamba za nguo ya binti yake, alikuwa amekwisha kueleza kwa uchungu kwamba marehemu mumewe aliwaachia madeni tu, na kwamba bila ndoa ile atakwenda kuwashonea watu nguo. Filamu imempa maneno hayo ili tumchukie kwa tamaa yake. Lakini neno likishatamkwa limetamkwa: mama huyu alipoteza binti na riziki usiku mmoja, na binti yake alijua.

Lazima niseme na upande wa pili, maana Rose si wa kulaumiwa tu. Alikuwa anauzwa. Hata huku kwetu pwani wako mabinti waliotoroka ndoa za namna ile, na mimi nisingewarudisha. Kutoroka kwake nakukubali kabisa. Ninachokataa ni hesabu ya mtunzi, anayetuonyesha faida yote ya kunyamaza (zile picha kando ya kitanda cha Rose, yuko juu ya farasi, yuko kando ya ndege) bila kutuonyesha gharama hata moja, wala aliyeilipa.

Jambo hili lingekuwa dogo kama Titanic ya kweli isingekuwa meli ya salamu. Ilikuwa na chumba cha simu ya upepo, na ndani yake vijana wawili, Jack Phillips wa miaka 25 na Harold Bride wa miaka 22. Walikuwa watu wa kampuni ya Marconi, na kazi iliyoiingizia kampuni fedha ilikuwa kupeleka na kupokea salamu za abiria. Maneno kumi ya kwanza yaligharimu shilingi 12 na senti sita za Kiingereza, na kila neno la ziada senti tisa. Kwa maskini wa daraja la tatu hiyo ilikuwa fedha nyingi. Kwa matajiri wa juu ilikuwa mchezo mpya, kumwambia mtu wa nchi kavu kwamba chakula ni kizuri na bahari imetulia. Safarini humo mtambo uliharibika, vijana wakakesha kuutengeneza, na kwa hiyo Jumapili ya tarehe 14 Aprili salamu zilikuwa zimerundikana.

Usiku ule, yapata saa 5, Phillips alikuwa anawasiliana na kituo cha Cape Race, Newfoundland, akipeleka rundo lile. Meli ya Californian, iliyokuwa karibu, ikamwingilia kumwambia kwamba wao wamezungukwa na barafu wamesimama. Phillips akamkemea mwenzake anyamaze, ana kazi. Yule mwenzake, Cyril Evans, akasikiliza kidogo, kisha saa 5 na nusu hivi akazima mtambo akaenda kulala. Saa 5 na dakika 40 Titanic ikagonga jabali la barafu. Watu zaidi ya 1,500 walikufa.

Wengi husimulia kisa hicho na kuishia hapo, ati salamu za kipuuzi ziliua watu. Filamu ya Kiingereza ya mwaka 1958, A Night to Remember, ambayo kwa jambo hili naiona bora kuliko ya Cameron, inatuonyesha chumba kile na karatasi ya onyo la barafu ikifunikwa na karatasi za salamu. Cameron naye alipiga picha za kisa cha Californian, akazikata asizitumie.

Lakini kisa kina nusu ya pili. Katika meli ya Carpathia, mpiga simu Harold Cottam alikuwa karibu kulala. Akasikia kituo cha Cape Cod kikipeleka ujumbe wa abiria wa Titanic, salamu zilizotoka nyumbani. Si kazi yake, angeweza kuziacha. Akaamua, kwa wema tu, kuwaambia wenzake wa Titanic kwamba wana barua zinawangoja. Jibu alilopata ni kwamba waje upesi, meli imegonga barafu. Zile salamu za nyumbani, ambazo Phillips hakuwahi kuzipokea, ndizo zilizomfanya Cottam aite, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa.

Phillips alifia baharini. Bride, miguu imeumizwa na baridi, alibebwa hadi chumba cha simu cha Carpathia akasaidiana na Cottam kupeleka majina ya waliopona na maneno yao kwa jamaa, hadi walipoingia New York tarehe 18 Aprili. Magazeti yaliwalilia habari, nao wakawapa kisogo. Hata Rais Taft, aliyeulizia rafiki yake Archibald Butt, hakujibiwa. Katika meli hiyo hiyo, Cameron ameweka shujaa wake anayejificha chini ya blanketi. Alikuwa na filamu nzima ndani ya chumba kile na akapita mlangoni.

Sasa nirudi kwetu. Mdogo wangu aliondoka mwaka 1990 kupitia Mombasa, akapata kazi ya kuosha vyombo katika meli ya watalii iliyozunguka visiwa vya Karibi. Mwanzoni barua zilikuja, karibu kila mwezi, zote za mtindo mmoja: ama baada ya salamu, mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Mara nyingine ilikuja kadi yenye picha ya meli, nyeupe kama keki, na nyuma yake maneno manne. Nilikuwa nikizisoma kwa sauti na kumcheka, eti mtu amezunguka nusu ya dunia na hana jipya la kusema. Mama hakuwa anasikiliza kilichoandikwa. Alichukua karatasi mkononi, akatazama mwandiko, akaiweka katika mkebe wa biskuti.

Mwaka 1994 zikakoma. Barua yetu moja ilirudi kutoka ofisi ya kampuni ile ya meli, imepigwa muhuri kwamba mtu huyo hayuko tena kazini. Zaidi ya hapo hakuna aliyetueleza kitu.

Alipiga simu mwaka 2002, kwa simu ya mkononi ya jirani. Alikuwa amepunguzwa kazini, akabaki nchi kavu, akabangaiza. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakuandika miaka minane. Akasema, "Kaka, ningeandika nini? Sikuwa na cha kutuma." Alikuwa amejifunza, na sisi ndio tuliomfundisha, kwamba barua ya mtu wa ng'ambo isiyo na fedha ndani ni barua tupu, ni afadhali isije. Mama alipopewa simu hakumlaumu. Alimuuliza kama amekula. Kisha akamwambia kwamba hata angeandika maneno mawili tu, mimi mzima, yangemtosha.

Wafanyakazi wa meli za siku hizi hawana shida hiyo ya njia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 ulirekebishwa mwaka 2022, na tangu tarehe 23 Desemba 2024 wenye meli wanatakiwa kuwapatia mabaharia mawasiliano ya intaneti kadiri inavyowezekana. Mpwa wangu ana rafiki aliyeko katika meli kubwa kama mji. Humwonyesha mkewe sahani ya chakula kwenye simu kabla hajaila. Nafurahi. Lakini mdogo wangu hakukosa stempu.

Tangu simu ile namsoma Rose kwa namna nyingine kidogo. Pengine naye aliona haya. Pengine kila mwaka uliopita ulifanya barua ya kwanza iwe nzito zaidi kuandika, hata ikawa haiandikiki. Hiyo ingekuwa filamu ya kweli, na yule ajuza, kwa uso aliopewa na mwigizaji wake Gloria Stuart, angeweza kuibeba kwa kutazama tu. Haikuandikwa. Tumepewa kidani kinachotupwa baharini.

Mdogo wangu alirudi nyumbani mwaka 2009. Mama alifariki mwaka 2014. Baadaye, siku moja, watoto waliiweka Titanic tena, picha safi kabisa, bahari si ya kijani tena. Ilipofika pale Rose anapoulizwa jina kwenye mvua, mdogo wangu aliniinamia akaniuliza polepole, "Hapa ndipo Mama aliposema?"

Nikamwambia, hapana, alingoja iishe.

"Aa," akasema, akaondoka kwenda kufunga mlango wa banda la kuku.