Msamaha wa 1996 Uliyapunja Mafuta Tete

Machi 1996 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa kanuni iliyoviondoa viambato kadhaa vya viuatilifu kwenye sharti la usajili: mafuta ya karafuu, mchaichai, mnanaa, rozimari, thaimu, mdalasini, kitunguu saumu na mengine ya jamii hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba vitu hivi watu huvila na hatari yake ni ndogo, basi ya nini kuvizungusha miaka mingi ofisini? Juu ya hatari sina ugomvi, hapo walipatia. Kosa, tena la wazi, ni kwamba msamaha uliotolewa kwa sababu ya usalama ulibeba na swali jingine ambalo usalama haulijibu: je, dawa hii inaua mdudu, na kwa saa ngapi?

Itazame kanuni yenyewe. Inamtaka mtengenezaji ataje viambato na asilimia zake, atumie vijazo vilivyomo kwenye orodha ya EPA, asidai kuua wadudu wanaoeneza magonjwa. Kisha inaishia kwenye jina la mmea, na hapo ndipo palipoharibika. Mafuta ya thaimu ya shamba moja yanaweza kujaa thimoli, ya shamba la pili karvakroli, ya la tatu linaloli, na mdudu hazipokei kemikali hizo namna moja. Rozimari nayo ina ya sineoli na ya kafuri. Kwa hiyo lebo inayosema "mafuta ya rozimari asilimia 10" imetii sheria bila kumwambia mkulima ni molekuli gani anayoinyunyiza. Karafuu angalau inajulikana, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake ni eugenoli, lakini inaleta shida ya kipimo: mafuta hayohayo, yakikolezwa, huuzwa kama dawa ya kuua magugu. Ukipunguza mno, vidukari wanabaki; ukizidisha, unababua majani ya nyanya. Mpaka kati ya viwango hivyo viwili hauonekani kwa kusoma orodha ya mimea, unapatikana kwa majaribio, na majaribio ndiyo yaliyosamehewa. Halafu kuna hewa. Haya yanaitwa mafuta tete kwa sababu yanaruka, na sifa hiyo ndiyo inayoyafanya yasilale kwenye udongo na maji kama kemikali za kudumu. Sifa hiyohiyo inamaanisha kwamba dawa iliyopigwa saa sita mchana inaweza kuwa imekwisha kabla ya mdudu wa jioni kutoka. Kanuni haikudai lebo iseme hata neno moja juu ya hilo.

Watetezi wa msamaha wana jibu zito. Wanasema EPA huwa haidai kuletewa takwimu za ufanisi hata kwa viuatilifu vingi vya mashambani vilivyosajiliwa, hivyo mafuta hayakupendelewa. Ni kweli, ila nusu. Aliyesajiliwa anatakiwa awe nazo takwimu hizo na azitoe akiulizwa, ana namba ya usajili, na muundo wa bidhaa yake umeshaandikwa serikalini. Aliyesamehewa si lazima EPA imjue. Hoja ya gharama naikubali zaidi: usajili kamili ungewaua watengenezaji wadogo. Lakini jaribio la shambani la msimu mmoja na kipimo cha kikemia cha kila shehena si usajili kamili, na mtu asiyemudu hata hayo anauza harufu.

Kazi kama hii ya kupima ilishafanywa vizuri, tena huku kwetu. Pareto ilijengewa jina na kipimo: wanakemia Staudinger na Ruzicka waliuchambua muundo wa pirethrini, sumu ya maua hayo, mapema karne iliyopita, na mkulima wa Kenya akawa analipwa kwa kiasi cha pirethrini kilichomo kwenye maua yake, si kwa uzito mtupu. Kisha kuna icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo, ambako Ahmed Hassanali na wenzake waliuchukua mrihani-kafuri wa Kenya, Ocimum kilimandscharicum. Mwaka 1998 walichapisha matokeo ya kafuri, kiambato chake kikuu, dhidi ya wadudu wa ghalani, dumuzi akiwemo. Iliua vizuri. Wakaandika pia kwamba nafaka iliyotiwa dawa siku moja kabla ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya makali. Hiyo ndiyo sentensi ambayo lebo za msamaha hazina. Na mwarobaini, wenye azadiraktini inayopimika na ushahidi mwingi kuliko mnanaa, haumo kwenye orodha ya 1996. Huo ulibaki chini ya sharti la usajili, wakati Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace walikuwa wanashikilia hataza ya matumizi yake huko Ulaya, hadi ilipofutwa mwaka 2000 na rufaa yao kushindwa 2005.

Mafuta tete yana pahali pake: ghala lililofungwa, banda la kitalu, mboga zinazokaribia kuvunwa ambazo mabaki ya kemikali yangezikosesha soko. Wanaopendekeza tuige msamaha huo Tanzania au Kenya waombe kusamehewa ada na sehemu ya vipimo vya sumu. Asilimia ya eugenoli, na saa ambazo dawa inadumu jani likiwa juani, zibaki kwenye lebo.