Msaada Unaoonyesha Lakini Hausikii

Uhakiki huu unahusu dirisha moja dogo ambalo watumiaji wengi wa Linux hulifungua mara moja, wakalifunga, wasilirudie tena. Katika programu nyingi za GNOME, ukibonyeza Ctrl pamoja na alama ya kuuliza, inatokea orodha ya mikato ya kibodi: vitufe vimechorwa vizuri na kupangwa kwa makundi. Dirisha hilo liliingia katika GTK toleo la 3.20, mwaka 2016. Kwa sura halina ubaya. Tatizo ni kwamba ni picha tu. Ukibofya mstari wa Ctrl+H, hakuna faili lililofichwa litakalojitokeza. Ukibonyeza Ctrl+Z ili uone kama umepata kitufe chenyewe, halikuambii kitu. Unatakiwa ukariri, ufunge, halafu ukajaribu kwenye kazi yako halisi.

Wapo watakaosema hiyo ni adha ndogo. Kwetu Burundi si ndogo. Tunakutana na kibodi za AZERTY na za QWERTY, wakati mwingine katika chumba kimoja. Mahali palipo na Q kwenye QWERTY, AZERTY imeweka A. Mahali pa W imeweka Z. Sasa tazama amri za Nautilus, programu ya kupangia mafaili. Ctrl+A huchagua vyote, Ctrl+Q hufunga programu. Ctrl+Z hutendua, Ctrl+W hufunga kichupo. Yaani kidole kilichozoea AZERTY kikihamia QWERTY, kinataka kurekebisha kosa, kumbe kinafunga mlango. Mazoea yana taabu. Vibaya zaidi ni pale kibodi iliyochapwa herufi za AZERTY inapounganishwa na kompyuta iliyopangwa kwa QWERTY. Mwanafunzi anasoma "Ctrl+Z" kwenye msaada, anaitafuta Z kwa macho, anaibonyeza, na kompyuta inapokea W. Amefuata maelekezo sawasawa, na maelekezo yamempoteza.

Msaada wenye masikio ungemwokoa. GNU Emacs, ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1985, inaliweza jambo hili tangu zamani: bonyeza Ctrl+H, kisha k, kisha mkato wowote unaoutilia shaka. Badala ya kuutekeleza, programu inakuambia imepokea vitufe gani na vingefanya nini. Emacs ni ngumu kwa anayeanza, na sioni wanafunzi wa lugha wakiikimbilia kuandikia tasnifu. Lakini hapa imezipita programu zilizozaliwa miaka 30 baada yake.

Microsoft Office ya 2007 ilichukua njia nyingine: ukigusa Alt, herufi zinajitokeza juu ya kila kitufe cha utepe, nawe unafuata mojamoja hadi kazi inafanyika. Hapo unajifunza ukitenda, ingawa herufi hizo hazikufundishi mikato ya Ctrl. GIMP nayo ina utafutaji wa amri kwa mkwaju (kwenye AZERTY lazima uongeze Shift, usumbufu mdogo): andika jina la amri, ichague, bonyeza Enter, imetekelezwa.

Hata hivyo, siungi mkono rai kwamba inatosha kuufanya kila mstari wa dirisha la GNOME ubofyeke. Anayefungua msaada amekuja kuuliza, hajaja kuamuru. Isitoshe, amri nyingi zinategemea kilichochaguliwa nyuma ya dirisha. Kunakili bila kuchagua kitu hakuna maana, na mstari kama huo ungepaswa kufifia. Ningeanza na kusikia: nibonyeze mkato wowote, mstari wake uwake, na chini paandikwe herufi ambayo kompyuta imeipokea kweli. Kubofya kuje baadaye, kwa amri ambazo zinaweza kutenduliwa. Na mstari wa Ctrl+Q, hata ukibofywa mara kumi, ubaki kueleza tu.