Sensa, Mvua na Bonasi: Kuchagua Tableti Nchi ya Majani Chai

Usiku wa Agosti 24 kuamkia 25, 2019, makarani wa sensa walitawanyika Kenya nzima, na kwa mara ya kwanza hawakubeba rundo la madodoso. Kila mmoja alishika tableti. Kazi iliendelea hadi Agosti 31, na kufikia Novemba 4 Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) lilikuwa limetangaza matokeo: watu 47,564,296, kati yao 901,777 wa Kericho na 875,689 wa Bomet. Sensa ya 2009, iliyotumia karatasi, ilifanyika pia mwezi wa Agosti, lakini matokeo yake hayakutangazwa hadi Agosti 31, 2010. Ni kweli mvutano kuhusu idadi ya baadhi ya wilaya za kaskazini ulichangia kuchelewa huko. Hata ukiuweka kando, tofauti kati ya mwaka mzima na miezi miwili si ndogo.

Tableti zenyewe hazikuwa za kifahari. Zilitoka Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT, vyuo vilivyokuwa vikiunganisha vifaa vya mradi wa dijitali wa shule za msingi. Hakuna aliyezisifu kwa kamera wala kwa wembamba. Zilitakiwa kuendesha programu moja, CSPro, ambayo hutolewa bure na idara ya sensa ya Marekani. Programu ya aina hii humzuia karani asiruke swali na humwonya jibu lisipoingia akilini, kwa mfano mtoto wa miaka sita aliyeandikwa kuwa ana digrii. Majibu yakishaingizwa hukaa ndani ya kifaa, na mtandao ukipatikana hutumwa. Kwa maneno mengine, kazi ilijulikana hadi swali la mwisho kabla ya kifaa kutafutwa.

Linganisha na ahadi ya 2013. Muungano wa Jubilee uliingia madarakani ukiwa umeahidi kila mtoto wa darasa la kwanza laptopu. Kifaa kikatajwa kwanza, kazi yake ikaachwa itafutwe baadaye. Mwaka 2014 zabuni ya zaidi ya shilingi bilioni 24 iliyokuwa imepewa kampuni moja ya India ikafutwa, kwa hoja kwamba kampuni hiyo haikuwa mtengenezaji halisi wa kompyuta hizo. Mradi uliporudi mwaka 2016, ukianza na shule 150 za majaribio, laptopu ilikuwa imegeuka tableti ngumu isiyovunjika upesi. Masomo yalikuwa yamewekwa ndani tayari, na kila shule ilipewa seva na ruta yake ili mwalimu asitegemee intaneti. Mwishowe vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 21,000. Shule nyingi zilivifungia stoo, kwa hofu ya wezi au kwa sababu walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Lakini kama kifaa, tableti ile ilimfaa mtoto kuliko laptopu iliyoahidiwa.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu wanunuzi wengi wa Kericho, Litein na Bomet mjini hurudia kosa la 2013. Mtu huingia dukani na swali moja tu: tableti nzuri ni ipi? Muuzaji naye hujibu kwa gigabaiti. Swali lenye faida ni jingine: itafanya kazi gani, itashikwa na nani, na mahali ilipo pana nini? Milima hii ya chai ina hali zake, na hizo ndizo huamua mambo kabla hata bei haijatajwa.

Hali ya kwanza ni maji. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na ya mawe si jambo la ajabu. Kioo cha tableti hukitambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme kidogo, na tone la maji nalo hupitisha. Ndiyo maana kioo kikilowa, programu hufunguka zenyewe na herufi hujiandika mahali usipogusa. Mchumaji aliyetoka shambani na mikono yenye umande na utomvu wa majani hatapata raha na tableti ya kawaida. Hata zile mizani za kielektroniki za vituo vya KTDA (shirika la wakulima wadogo wa chai), zinazopima kilo, kutunza rekodi na kumpa mkulima risiti, ni vifaa vilivyoundwa kwa kazi hiyo tu. Ukitaka tableti ya kubebwa shambani, tafuta alama ya IP yenye tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji. Kwenye IP68, 6 ina maana vumbi haliingii kabisa, na 8 kwamba kifaa kinastahimili kuzama kwa kiwango ambacho mtengenezaji ametaja. Samsung ina safu ya Galaxy Tab Active kwa ajili hiyo, na betri yake hutolewa na kubadilishwa. Bei yake ni ya juu. Kwa afisa wa kilimo anayezunguka Konoin kutwa nzima, au msimamizi wa chumba cha kuchambulia chai kiwandani ambako vumbi la majani hujaa hewani, ninaona ina haki ya kuwa juu. Kwa mtoto anayesomea mezani ni kupoteza pesa bure. Mnunulie kava nene ya mpira.

Hali ya pili ni stima, na hapa inabidi tupige hesabu, maana maandishi ya kwenye boksi hudanganya kwa kunyamaza. Tableti ndogo ya inchi nane na kitu huwa na betri ya karibu mAh 5,000. Zidisha kwa volti 3.85, gawa kwa elfu moja, upate takriban wati-saa 19. Ya inchi 11 yenye mAh 7,000 inakupa karibu 27. Umeme hupotea njiani, kwa hiyo kuijaza ile ndogo kunahitaji wati-saa 24 hivi, na kubwa 33. Sasa chukua paneli ya jua ya wati 10, kama zile zilizo juu ya mabati mengi ya vijijini. Huku jua hutoka asubuhi, kisha mawingu hujikusanya kuanzia mchana. Ukijaliwa saa nne za mwanga, na paneli itoe wastani wa nusu ya nguvu yake, umepata wati-saa 20. Tableti ndogo inakaribia kujaa. Kubwa inapita nusu kidogo, na hapo taa za nyumba na simu ya baba bado hazijapata kitu. Powerbank ya mAh 10,000 huweza kutoa takriban wati-saa 25 baada ya hasara, yaani kuijaza ile ndogo mara moja. Anayeishi mahali ambapo mti mmoja ukiangukia waya hukaa siku mbili bila stima, skrini kubwa si starehe kwake, ni mzigo. Soketi ya chaji nayo iwe USB-C, ili chaja ya simu ya nyumbani iwafae wote.

Tusije tukakimbilia udogo, hata hivyo. Kuna kazi ambayo kioo kidogo hukwamisha kabisa, nayo ni kusoma vitabu na makaratasi. Ukurasa wa A4 una mshazari wa inchi 14 na ushei. Ukiuonyesha mzima kwenye inchi nane, maandishi hupungua karibu nusu ya ukubwa wake, na mtoto wa sekondari ya msingi ataishia kuvuta na kusogeza ukurasa jioni nzima. Inchi 10 au 11 huuonyesha kwa karibu robo tatu, na macho hayalalamiki. Kwa hiyo kwa mwanafunzi ninapendekeza kubwa, mradi nyumba ina stima ya kutegemewa. Kwa mwenye duka la pembejeo pale Kapkatet anayeandika mauzo na kupokea oda kwenye WhatsApp, nane inatosha na inaingia mfuko wa koti.

Mtandao ndio huwaponza wengi, kwa sababu hauonekani kwa macho. Safaricom hurusha 4G kwenye megahezi 1800 na pia 800, zinazoandikwa kwenye maelezo ya kifaa kama bendi ya 3 na bendi ya 20. Mawimbi ya 800 husafiri mbali zaidi na huvumilia mabonde na miti kuliko yale ya 1800. Mjini Kericho unaweza usione tofauti. Teremka kwenye mabonde, nyuma ya kilima, na bendi ya 20 ndiyo itakayokufikia. Tableti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi haina bendi hiyo, hata kama ni ya jina kubwa na ya bei kubwa. Ajabu ni kwamba ile iliyotumika Uingereza, inayouzwa hapa kama eks-yukei, kwa kawaida huwa nayo, kwani Ulaya nzima hutumia 800. Uliza bendi, na muuzaji akitazama pembeni, tafuta namba ya modeli mtandaoni kabla ya kutoa pesa.

Au achana na laini kabisa. Tableti ya Wi-Fi pekee huwa nafuu, na simu yako inaweza kuigawia bando. Gharama yake ni betri ya simu. Kwa familia yenye simu moja nzuri, ambayo baba anaondoka nayo saa kumi na mbili asubuhi, mpango huo hufa siku ya kwanza.

Kuhusu kumbukumbu nitasema machache. RAM ya GB 4 ndiyo sakafu. Hifadhi ya GB 64 ndiyo sakafu pia, kwa sababu Android yenyewe na programu zake za awali humeza sehemu kubwa ya GB 32. Nafasi ya memori kadi ni faida ya kweli pale ambapo masomo hupakuliwa mjini na kutazamwa kijijini. Lakini jihadhari na maboksi. Ukiona imeandikwa RAM GB 8, soma maandishi madogo: mara nyingi 4 ni halisi na 4 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole mno kulinganishwa na RAM. Zipo pia tableti zisizo na jina linalojulikana ambazo mipangilio yake imechezewa zionyeshe toleo jipya la Android na hifadhi ambayo haipo. Programu ya bure kama CPU-Z huweza kukuonyesha kichakata kilichomo. Pia fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo, uone kama kifaa kimeidhinishwa. Tableti za Amazon Fire, zinazovutia kwa bei, haziji na Play Store kabisa. Na iPad iliyotumika? Iangalie umri. iPad Air 2 ya 2014 iliishia iPadOS 15, na programu huiacha nyuma moja baada ya nyingine. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aifute na kuiwasha upya mbele yako. Ikiomba nenosiri la Apple la mtu usiyemjua, mrudishie.

Pesa sasa. Mkulima wa KTDA hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo, kisha bonasi, ambayo kwa kawaida huingia kuelekea Oktoba. Wauzaji wanaujua msimu huo vizuri kuliko mkulima mwenyewe. Bonasi haitabiriki, na viwanda viwili vilivyo jirani vinaweza kulipa tofauti kabisa. Kuweka tableti kwenye bajeti ya bonasi ambayo haijatangazwa ni kuhesabu majani yaliyo bado kichakani. Heri bei ikokotolewe kwa malipo ya mwezi: miezi mingapi ya kilo zako, baada ya kutoa mbolea na wachumaji? Kama jibu linazidi mitatu, shuka ngazi moja.

Njia ya mkopo ipo. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo kwa simu za 4G: amana ya shilingi 1,000, kisha shilingi 20 kwa siku kwa miezi tisa. Jumla ni karibu shilingi 6,400, na asiyelipa, simu yake hufungwa kwa mbali. Mipango ya aina hiyo imeenea tangu wakati ule, na riba hazilingani hata kidogo. Usikubali kuambiwa malipo ya siku peke yake. Zidisha kwa siku zote, ongeza amana, kisha linganisha na bei ya taslimu ya duka la mtaa wa pili. Ikizidi kwa theluthi, mimi ningengoja. Tableti ya mtoto ikifungwa wiki ya mtihani kwa deni la shilingi mia mbili, haimsaidii.

Jambo la mwisho la kuuliza ni kioo cha akiba. Kioo cha simu maarufu fundi wa Kericho atakubadilishia mchana huo huo. Cha tableti isiyo na jina ataagiza Nairobi, akikipata, na huenda bei yake ikakaribia nusu ya tableti nzima. Pita kwa fundi kwanza, umtajie modeli unayoifikiria, umuulize kioo chake ni pesa ngapi. Akikupa bei bila kupiga simu popote, modeli hiyo ina watu wake hapa. Akikuomba namba yako akupigie baadaye, rudi kwenye orodha.