Medea: Mchawi kwa Macho ya Nani?



Leo naomba nizungumzie jambo ambalo limenikaa rohoni. Kila nikifundisha habari za Medea, na hata nikimtaja mezani kwa jamaa zetu hapa Uingereza, napata hukumu ile ile: huyo ni binti wa mfalme aliyedekezwa, akajifunza uchawi kwa kukosa kazi, akatoroka kwao na mwanamume wa kuja, na mwisho wake akaua wanawe. Halafu mtu mmoja lazima amalizie: mwacha asili ni mtumwa. Basi, kesi imefungwa, tule chakula.

Mimi naona kesi hii imefungwa mapema mno. Mauaji ya watoto siyatetei, na sidhani kama kuna mwenye akili timamu anayeyatetea. Ninachopinga ni kumsoma binti huyu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kana kwamba alizaliwa na kisu mkononi.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Wengi wetu tunamjua Medea wa Euripides, tamthilia iliyochezwa Athens mwaka 431 K.K. na kushika nafasi ya tatu, yaani ya mwisho, katika mashindano ya mwaka ule. Tamthilia hiyo inafunguka safari ikiwa imeshakwisha: mama yuko Corinth, ameshaachwa, analia ndani ya nyumba. Karibu miaka mia mbili baadaye, huko Alexandria ya Misri, Apollonius wa Rhodes, ambaye alikuwa mkuu wa maktaba ile mashuhuri, alitunga utenzi wa vitabu vinne uitwao Argonautica. Katika Kitabu cha 3 na cha 4 ndimo tunamokutana na Medea angali msichana. Kwa hiyo walio wengi wanamjua mama, binti hawajawahi kumuona.

Binti mwenyewe ni wa Colchis, pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, kwenye mto Phasis, ambao leo unaitwa Rioni na uko Georgia. Baba yake ni Mfalme Aeetes, mwana wa Jua. Analala chumbani kwake, na nje ya mlango wake wanalala wasichana kumi na wawili wa rika lake wa kumtumikia. Akitoka kwenda hekalu la Hecate, anatoka kwa gari la nyumbu na wasichana wakikimbia nyuma. Kwetu pwani tungesema huyu ni mwana wa ndani hasa. Mpaka hapo wanaosema "amedekezwa" wana haki yao.

Lakini hebu tusome vizuri. Usiku anapotoroka, Apollonius anatuambia kwamba njia za nje ya mji hazikuwa ngeni kwake, kwa sababu mara nyingi alishazipita akitafuta maiti na mizizi. Haya, mwana wa ndani gani huyo? Na ile dawa atakayompa Jason, kuipata kwake kuna masharti: ameoga mara saba katika maji yanayotiririka, amemwita mungu wake wa kike mara saba, amevaa nguo za giza usiku wa manane, na utomvu wa mzizi ameukinga ndani ya kombe la bahari ya Caspian. Yeyote aliyekulia karibu na mganga anayejua kazi yake atalitambua jambo hili. Ni taaluma yenye miiko, na binti ameisomea. Kwao haimpi jina baya hata kidogo. Yeye ni kuhani wa Hecate, na mpwa wake anapomtaja mbele ya wageni anamsifu kwa ujuzi.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niandike haya yote. Kwa muda sasa, jioni nikimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, nimekuwa nikijaribu kuufasiri utenzi huu kwa Kiswahili, kwa kujifurahisha tu. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika "mchawi" na "uchawi" kila mahali, bila hata kufikiri. Lakini neno la Kigiriki linalorudiwa pale ni pharmakon, na pharmakon inaponya, inaua, inalaza, inatia nguvu. Sanduku la Medea lina za kila namna, nyingine za kuponya na nyingine za kuangamiza. Nilihangaika sana, kisha nikajicheka mwenyewe. Mtu wa Tanga anatafuta nini? Si ni dawa! Dawa ya kikohozi, dawa ya panya, dawa ya mapenzi, dawa ya kumfunga adui. Neno moja linabeba yote, na linasubiri mtumiaji na makusudio yake ndipo tujue ni uganga au uchawi. Wafasiri wa lugha nyingine za Ulaya inabidi wachague upande mapema. Sisi hatulazimiki, na mimi nilichagua bila kulazimishwa na mtu.

Nilikumbuka safari yangu ya kwanza. Niliondoka Tanga na miaka ishirini na sita kuja kusomea udaktari wa falsafa, na mama alinitia kwenye begi kichupa cha unga aliousaga mwenyewe, wa tumbo na homa. Uwanjani nilipofika, afisa alikishika kwa vidole viwili. Akauliza hii ni nini. Nikasema dawa. Akauliza ya hospitali gani. Nilikaa saa mbili kwenye benchi. Unga haukubadilika kitu ndani ya ndege. Kilichobadilika ni anayeutazama.

Basi naona hiyo ndiyo habari ya Medea. Tazameni nani ananufaika na dawa yake. Dada yake Chalciope, ambaye ndiye aliyemnyonyesha na ambaye kwa umri angekuwa kama kungwi wake, anakuja chumbani kumlilia amsaidie mgeni, kwa sababu wanawe wamo hatarini pamoja na wageni hao. Hakumuuliza mdogo wake litakalompata. Hera, mungu wa kike, anamtaka Medea afike Ugiriki ili amwangamize Mfalme Pelias anayemchukia. Na Jason anataka kuishi. Dawa aliyopewa ina nguvu ya siku moja tu. Anajipaka, anawafunga jembe mafahali wapumuao moto, anatoka mzima. Na katikati ya watu wote hao, binti amechomwa mshale na Eros, halali usiku, anafungua sanduku lake ili anywe sumu afe, kisha analifunga tena. Mganga hajigangi, jamani. Nadhani hakuna mahali msemo huu umeonekana vizuri kuliko hapo, na Apollonius hakuujua.

Kuondoka kwenyewe ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Anabusu kitanda chake, anabusu miimo ya milango, anazipapasa kuta. Anang'oa kishungi cha nywele zake na kumwachia mama yake kama kumbukumbu. Halafu miguu mitupu anakimbia vichochoroni, mkono mmoja umeshika nguo kujifunika uso, mwingine umeinua pindo. Huyu simuoni kama mtoto wa kudeka anayekwenda kutembea. Waliowahi kuaga nyumba wakijua huenda hawatarudi watanielewa bila maelezo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wasomaji wa haraka hulipita. Kabla ya kupanda chombo, Jason amemwapia kwa Zeus na kwa Hera kwamba atamuoa. Muda si mrefu, Wacolchis wanawazingira njiani. Wagiriki wanafanya mapatano: ngozi ya dhahabu ibaki kwao, maana wameipata kwa kutimiza masharti, ama Medea, awekwe hekaluni kwa Artemis mpaka wafalme waamue arudishwe kwa baba yake au vipi. Mwaona? Mali inabaki chomboni, aliyeileta mali anawekwa rehani. Tunaambiwa usaliti ulitokea Corinth baada ya miaka ya ndoa, kwa sababu ya mke mpya. Mimi nasema ulianza hapo hapo majini, Jason alipoona kwamba dawa imeshafanya kazi na mwenye dawa amekuwa mzigo.

Ni hapo ndipo Medea anapopanga hila ya kumvuta kaka yake Apsyrtus, na Jason anamuua huku dada mtu amegeuza uso na kuufunika kwa shela. Dhambi ni dhambi, na Apollonius hamfichi. Lakini ni mara ya kwanza ujuzi wake unatumika kuua mtu, na inatokea baada ya kujua kwamba ameshawekwa mezani kwenye mapatano.

Mkirudi kwa Euripides sasa, mtasikia mambo ambayo hamkuyasikia zamani. Jason anamwambia mkewe kwamba mwokozi wa safari yake alikuwa Aphrodite, si yeye. Tena anamwambia amepata zaidi ya alichotoa: ametoka nchi ya washenzi akaja kukaa Ugiriki, amejua sheria na haki, na Wagiriki wote wamemfahamu kwa ujuzi wake. Ndugu zangu, nani kati yetu tunaoishi ugenini hajaambiwa maneno haya, kwa lugha ya adabu zaidi? Shukrani ya punda ni mateke. Na Mfalme Creon anapomfukuza, anasema wazi kwamba anamwogopa kwa sababu ni mjuzi. Ujuzi ule ule!

Halafu anapita Aegeus wa Athens, mtu asiye na mtoto. Medea anamwahidi kumtibu utasa kwa pharmaka, yaani dawa. Aegeus anafurahi, anamwahidi hifadhi, ila anasema ajifikishe mwenyewe. Haipiti hata mistari mia moja, neno hilo hilo linarudi kwa sumu atakayoipaka zawadi za bibi harusi. Dawa ya uzazi na dawa ya kifo, neno moja, kinywa kimoja. Anayefasiri la kwanza "dawa" na la pili "uchawi" ameshahukumu kabla ya mtazamaji.

Watazamaji wa Athens nao walikuwa na yao. Tangu mwaka 451 K.K., kwa sheria ya Pericles, mtoto hakuhesabiwa raia wa mji wao mpaka baba na mama wote wawe wa uraia. Mchezo umewekwa Corinth, lakini waliokaa kwenye viti walijua vizuri mtoto wa mama mgeni ana hali gani. Jason anaposema anaoa binti wa mfalme kwa faida ya watoto, hoja yake haikuwa ya kipuuzi masikioni mwao. Ndiyo maana inauma.

Nisije nikaonekana nimempenda Apollonius kupita kiasi. Kitabu cha 4 kinachosha. Chombo kinazungushwa mito ya Ulaya mpaka msomaji anasahau wanakwenda wapi. Na ule mshale wa Eros unampunguzia binti uamuzi wake, hatujui kwa hakika ni kiasi gani alichagua. Tena kuna kosa la kisanaa, au huenda ni ujanja: mpaka wanafika Krete, binti aliyekuwa akitetemeka chumbani anamwangusha Talos, jitu la shaba, kwa jicho tu, kutoka chomboni. Kijicho hasa! Mtunzi mwenyewe anasimama na kushangaa kwamba mtu anaweza kudhuriwa kutoka mbali. Amemsindikiza njia nzima, sasa naye ameanza kumwogopa. Kwangu mimi hapo utenzi unakiri kilichotokea, ijapokuwa mtunzi hakukieleza.

Wapo watakaoniuliza habari ya Herodotus, aliyesema Wacolchis walikuwa weusi wenye nywele za kipilipili na asili yao Misri. Najua, na mjadala huo una wenyewe. Hoja yangu haihitaji rangi ya Medea. Inahitaji tu kwamba alikuwa mjuzi kwao, na mgeni kwa wengine.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Medea aliwaponya wageni kwao, na alipokuwa mgeni aliwaponya wenyeji. Hakuna walioitwa wachawi kwa kuipokea dawa.

Rasimu yangu nimeirudia tangu ukurasa wa kwanza. "Dawa" imerudi mahali pake, mpaka mistari ya mwisho. "Mchawi" nimeliacha mahali pachache, na kila mahali nimehakikisha msomaji anaona ni nani anayelitamka. Wenzangu mliobobea katika tafsiri, kama mna neno bora zaidi, nipeni. Kwa sasa sijaliona.

Naomba kuwasilisha.