Turbo Imekufa: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Fundi akikuambia turbo imekufa kabla hajaishika shafti yake kwa vidole, mpe hela ya soda, mshukuru, ondoa gari. Moshi wa buluu, mluzi mkali na gari kukosa nguvu mlimani ni dalili tu. Mpira wa hewa uliopasuka nao hupiga mluzi na kuilegeza gari vilevile, na dawa yake ni mpira mwingine na klempu. Hata oili inayovuja huweza kuisingizia turbo: bomba la kurudishia oili kwenye sampu likiziba, oili hukosa pa kwenda na kutokea kwenye sili. Ukifunga turbo mpya hapo, nayo itavuja.

Injini ipoe kwanza. Vua mpira wa hewa, shika ncha ya shafti, itikise juu na chini. Ikicheza kidogo usishtuke. Kwenye turbo nyingi shafti huelea ndani ya oili, na nafasi hiyo imeachwa makusudi. Sasa ivute na kuisukuma, mbele na nyuma. Hapo kidole kisihisi kitu. Kikihisi, beringi ya msukumo imekwisha. Halafu izungushe huku umeiegemeza upande mmoja. Mapanga yakikwaruza ukuta, moyo wa turbo, yaani ile sehemu ya kati yenye shafti, beringi na sili, hauna maisha tena.

Lakini moyo hununulika peke yake. Kinachoamua kama turbo itengenezwe ni kasha lake, hasa la upande wa moto, ambao wengi hawaukagui kwa sababu kuufikia ni kazi. Vijiufa vya juujuu karibu na tundu la vali ya kupunguzia presha ni vya kawaida kwa chuma kinachopata moto na kupoa kila siku. Ufa uliopenya hadi nje, au ukuta uliochimbwa na mapanga, ni mwisho wa habari. Usiruhusu uchomelewe.

Kasha likiwa zima, tazama kazi yenyewe. Shafti hii huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo moyo lazima upimwe balansi kwenye mashine yake. Chungulia nati ya mbele na mgongo wa pangaboi: mara nyingi utaona vijipara vidogo, mahali chuma kilipopunguzwa wakati wa kupima. Fundi anayebadilisha beringi na sili mezani, akaridhika kwa kuzungusha na kidole, anacheza kamari kwa pesa yako. Turbo zenye mapezi yanayofunguka na kujifunga, kama za Prado yenye injini ya 1KD, zinahitaji uangalifu zaidi. Mapezi yaliyoganda kwa masizi husafishwa yakafanya kazi vizuri, ila skrubu inayoweka kikomo chake isiguswe na mtu asiye na mashine ya kupimia.

Baada ya hapo muulize fundi swali moja: nini kiliiua? Akijibu kwamba turbo ndivyo zilivyo, hapo si pako. Turbo mara nyingi huuawa: oili chafu, oili isiyofika, vumbi lililopenya filta iliyopulizwa upepo mpaka ikatoboka. Kwa 1KD kesi inajulikana. Washa za chini ya nozeli zikivuja, gesi ya moto hupenya kwenye oili na kuijaza masizi, masizi huziba chujio la ndani ya sampu, na turbo hukauka huku inazunguka. Ukibadilisha turbo bila kushusha sampu na kutazama chujio hilo, umenunua msiba wa pili. Injini yenyewe nayo iko hatarini.

Fundi mzuri pia hufungua intakula na kumwaga oili iliyolala humo. Kwenye dizeli oili hiyo ni mafuta: injini ikiivuta, inaweza kupanda mizunguko na isizimike hata ukitoa ufunguo. Kwenye bomba la oili hufunga gasketi, hapaki silikoni, kwa kuwa kipande kinachokatika ndani huziba njia. Bomba lenyewe ni rahisi, weka jipya. Kabla ya kuwasha hujaza oili kwenye turbo kwa mkono, kisha hupiga starta injini isiwake mpaka oili ianze kurudi.

Wapo watakaokushauri uizibe turbo utembelee hivyohivyo. Dizeli iliyopimiwa hewa ya turbo itatoa moshi mweusi, itachemka, na itakula mafuta bure.

Na ukikubali kubadilisha, dai turbo ya zamani. Kasha zima lina mnunuzi.